Samaki wangu wanatoka mikwaruzo ya rangi: ninunue kamera gani?

Shikamoo mshauri,

Nina tangi la samaki la lita 120 pale sebuleni. Ndani kuna mimea hai, kundi la neoni tetra, gapi wachache, kambare wadogo wa jamii ya Corydoras, na uduvi wekundu ambao muda mwingi wanajificha chini ya kipande cha mti. Maji yametulia, mimea imeshika, samaki wamekolea rangi. Wageni wakija wanalisifia tangi kabla hawajaketi.

Tatizo langu ni picha. Nikipiga kwa simu, samaki aliyesimama anatoka vizuri kiasi, lakini akigeuka tu anakuwa mkwaruzo wa rangi. Kwenye kioo najiona mwenyewe nimeshika simu, na dirisha nyuma yangu. Nikiwasha flashi ya simu napata doa jeupe katikati na samaki weusi pembeni.

Nimeamua kununua kamera, ila uwezo wangu una mipaka. Naweza kutoa bei ya simu ya kiwango cha kati, zaidi ya hapo sina. Muuzaji mmoja ananisukuma nichukue kamera ndogo yenye megapikseli nyingi, eti picha haitapasuka nikiikuza. Rafiki yangu ana kamera yenye zumu ya mara 50, anasema nitakaa kwenye kochi na kumpata uduvi hadi macho. Shemeji yangu naye anasema nisihangaike na vitu vidogo, nijikusanye hadi nipate ile yenye sensa kubwa kabisa. Kila mmoja anaongea kwa uhakika. Nimsikilize nani?

La mwisho: nimesikia flashi inapofusha samaki. Ni kweli? Nisije nikapata picha nikapoteza wenyewe.

Ni mimi, Mfugaji wa Sebuleni

*

Marahaba mwanangu, na pole kwa kuzungukwa na washauri.

Shemeji yako amekosea kidogo kuliko wenzake, lakini wote watatu wanabishania kamera wakati kilichokukwamisha ni mwanga. Tangi linaonekana linawaka kwa sababu sebule yenyewe ina giza kulishinda. Ukilipima kwa kamera unakuta mwanga wake ni haba, na unazidi kupungua kadiri unavyoshuka kwenye changarawe, ambako kambare na uduvi wako wanashinda. Ili neoni anayeogelea atoke bila kuvutika unahitaji kasi ya shata (muda ambao kamera inafunguka kupokea mwanga) ya 1/250 ya sekunde hivi, na akigeuka ghafla utatamani 1/500 au zaidi. Simu ikiachwa ijiamulie kwenye mwanga huo inashuka hadi 1/30 au 1/60, na mkwaruzo wako unatokea hapo. Ile hali ya usiku ya simu ndiyo usiiguse kabisa: inapiga picha kadhaa na kuziunganisha, kwa hiyo samaki mmoja anaweza kutoka na mikia miwili.

Basi kila kamera unayooneshwa iulize mambo mawili. Mwanga ukiwa mdogo itanipa nini? Na je, itaniruhusu kuleta mwanga wangu mwenyewe kutoka nje ya kamera?

Muuzaji wako anaanguka kwenye swali la kwanza. Picha ya ukubwa wa karatasi ya A4, ikichapwa kwa nukta 300 kwa inchi, inahitaji pikseli 3508 kwa 2480, yaani chini ya megapikseli 9. Kamera za muongo uliopita zinazo hizo na kubaki. Kinacholeta tofauti ni ukubwa wa sensa, kile kipande ndani ya kamera kinachopokea mwanga. Kamera nyingi ndogo za bei nafuu zina sensa ya milimita 6.2 kwa 4.6 hivi. Kamera za kubadilisha lenzi za ngazi ya kuanzia zina sensa inayoitwa APS-C, ambayo kwa Nikon ni milimita 23.5 kwa 15.6. Zidisha mwenyewe: eneo lake ni karibu mara 13. Ukipandisha ISO (wepesi wa kamera kuitikia mwanga) hadi 1600, ile ndogo inajaa chenga na ule mstari wa buluu wa neoni unapauka, wakati APS-C bado inakuonesha magamba.

Rafiki yako wa zumu ya mara 50 mwambie kamera yake ni nzuri kwa ndege. Kamera hizo kwa kawaida zina sensa ile ile ndogo, na ukivuta zumu hadi mwisho tundu la lenzi linabana hadi f/6 au zaidi (namba ya f ikikua, tundu linakuwa dogo). Kama ilianza na f/2.8, umebakiwa na chini ya robo ya mwanga. Tena zikivutwa hivyo nyingi haziwezi kushika fokasi ya kitu kilicho karibu, unalazimika kurudi nyuma, na ukirudi nyuma kila kilichomo sebuleni kinaingia kwenye kioo. Uduvi anafuatwa karibu, hapigwi kutoka kwenye kochi. Na ukisoma kwenye boksi kwamba kamera inazuia mtikisiko, ujue inazuia mtikisiko wa mkono wako. Samaki anaendelea na safari yake.

Shemeji je? Sensa ya milimita 36 kwa 24 inapokea mwanga mwingi, hilo sibishi. Lakini kwenye picha za karibu inakupa ukanda mwembamba zaidi wa fokasi: jicho kali, mkia umepotea. Ili samaki mzima atoke itabidi ubane tundu hadi f/8 au f/11, na ukilibana unahitaji mwanga zaidi. Umezunguka na pesa nyingi ukarudi pale pale. Bado hujanunua lenzi, ambazo kwa kamera hizo ndizo zinazomaliza mfuko.

Mimi ningekununulia Nikon D3400 ya mtumba pamoja na lenzi yake ya kawaida, ile ya 18-55 ya AF-P (18 na 55 ni milimita za mwanzo na mwisho wa zumu yake, AF-P ni jina la aina ya lenzi). Ni kamera ya mwaka 2016, ina megapikseli 24 na sensa ya APS-C, na kwa kuwa wenye haraka ya maendeleo walishahamia kamera zisizo na kioo cha ndani, bei za hizi zimeporomoka. Najua utaambiwa lenzi hiyo ni ya kuanzia, uitupe ununue ya f/1.8. Ngoja tupige hesabu ya samaki wako. Lenzi ya Nikon ya 35mm f/1.8G, ambayo kila mtu anaipendekeza, haishiki fokasi chini ya sentimita 30, na hapo picha yake inachukua upana wa sentimita kama 15. Neoni wa sentimita 3 anakuwa sehemu moja ya tano ya picha. Ile 18-55 ya AF-P inakaribia hadi sentimita 25, ikivutwa hadi 55 inachukua upana wa sentimita 6 na kidogo, kwa hiyo neoni yule yule anajaza karibu nusu ya picha. Kwa samaki wadogo, lenzi inayodharauliwa inashinda. Udhaifu wake ni tundu dogo, na dawa ya tundu dogo nakuja nayo.

Kama Nikon haipatikani, Canon 200D ya 2017 inafaa vizuri tu. Ila kuna mtego kwa Canon ambao wauzaji hawautaji. Modeli za 2000D na 4000D za mwaka 2018, na 250D ya 2019, zilitolewa bila pini ya katikati pale juu panapochomekwa flashi. Flashi za bei nafuu na viwashio vya redio vya bei nafuu hutegemea pini hiyo; ukizichomeka humo haziwaki. Kwa mpigaji wa picha za tangi, kukosa pini hiyo ni kukosa nusu ya kamera. Angalia kwa macho yako kabla ya kulipa: kwenye kamera nzima utaona duara la chuma katikati. Sony a6000 ni kamera ya kasi, inapiga picha 11 kwa sekunde, lakini lenzi yake ndogo ya 16-50 haikuzi samaki mdogo kama ile ya Nikon, kwa hiyo utahitaji lenzi nyingine mapema. Zaidi ya hapo, kati ya chapa na chapa, chukua ile ambayo ndugu au jirani anayo, ili uazime lenzi.

Sasa hiyo dawa. Katika pesa uliyonayo, tenga sehemu ya flashi moja ya kawaida isiyo na ujanja wowote, inayopangwa nguvu kwa mkono, na jozi ya viwashio vya redio: kimoja kinakaa juu ya kamera, kingine kwenye flashi. Kama itabidi upunguze mahali ili uvipate, punguza kwenye bodi ya kamera, chukua hata modeli ya zamani zaidi. Sitanii. Bodi ya zamani yenye flashi iliyokaa juu ya tangi itaishinda bodi mpya isiyo nayo.

Ile flashi ya simu ilikuharibia kwa sababu ilitoka mbele. Mwanga ukigonga kioo uso kwa uso unakurudia ulivyo. Flashi ikikaa juu ya tangi, ikielekea chini kwenye maji, mwanga unaingia majini, unampiga samaki, na kinachofika kwenye kamera ni samaki peke yake. Iweke karibu na kioo cha mbele na uilaze kidogo kuelekea nyuma, ili ubavu wa samaki unaokutazama ndio upate mwanga. Ukiiweka nyuma utapata migongo inayong'aa na matumbo meusi. Karatasi nyeupe nyembamba mbele ya flashi inalainisha magamba, maana magamba ya neoni hurudisha mwanga vibaya. Usiiache wazi juu ya maji. Ikae juu ya kifuniko cha kioo kilicho kikavu, au ndani ya boksi la plastiki linaloonesha, kwa sababu mvuke na matone ya maji haviendani na umeme.

Anza na mpangilio huu: shata 1/200, tundu f/8, ISO 400, flashi 1/8 ya nguvu yake. Picha ikiwa nyeusi pandisha flashi hadi 1/4, ikiungua shusha. Shata usiipitishe 1/200 kwenye D3400 wala 200D, utapata ukanda mweusi. Utauliza mbona mwanzoni nilisema 1/250 na 1/500. Hapa shata haina kazi ya kumgandisha samaki tena. Kwa mpangilio huu taa za sebuleni na za tangi karibu hazihesabiki, kinachochora picha ni mwako wa flashi, na mwako huo kwa nguvu ndogo unaisha ndani ya muda mfupi sana, kwa flashi nyingi chini ya 1/1000 ya sekunde. Samaki hana nafasi ya kusogea. Na kwa sababu sebule haihesabiki, wewe na dirisha lako mnatoweka kwenye kioo. Hapo pia f/8 imekupa samaki mzima kwenye fokasi, kwa hiyo ule udhaifu wa lenzi ya 18-55 haukuhusu tena.

Kabla hujatoa hata senti, fanya majaribio kwa simu uliyonayo, maana nusu ya kazi ni ya bure. Zima taa za sebule, funga pazia, vaa nguo nyeusi. Safisha kioo ndani na nje. Mwani ambao jicho linausamehe, kamera haiusamehi. Pandisha taa ya tangi hadi mwisho. Hili lina sababu mbili: mwanga, na pia taa nyingi za LED zikipunguzwa huwa zinawaka na kuzima kwa kasi isiyoonekana, nazo huleta michirizi kwenye picha. Fungua hali ya kujipangia kwenye kamera ya simu, weka shata 1/250, ISO uiache ipande. Zima pampu ya viputo kwa muda, na usiisahau.

Halafu simama mkabala na kioo, lenzi ikikitazama uso kwa uso kabisa. Mwanga ukipita kutoka majini kwenda kwenye kioo na kisha hewani hupinda, na ukipiga kwa ubavu kingo za samaki zinachanganyika rangi na picha inakosa ukali ambao hakuna lenzi itakayourudisha. Watu wengi wanabadilisha kamera kwa kosa hili. Kupinda huko huko ndiko kunakomfanya samaki aliye sentimita 40 ndani ya maji aonekane yuko 30, kwa hiyo fokasi iamini macho yako, usipime kwa rula.

Usimkimbize samaki na kamera. Chagua mahali anapopita, panga fokasi kwenye jani la hapo, subiri. Corydoras wana njia zao juu ya changarawe na hawazibadilishi hovyo. Kwa uduvi, dondosha chakula kidogo karibu na kioo cha mbele.

Kuna njia nyingine kwa asiyetaka lenzi wala flashi wala kujifunza lolote: Olympus Tough TG-5 au TG-6. Sensa yake ni ndogo, yale niliyosema kuhusu chenga yanaihusu, ila ina hali ya hadubini inayoshika fokasi kuanzia sentimita 1 mbele ya lenzi. Ukiibandika kwenye kioo wakati uduvi ameegemea upande wa pili utashangaa. Lakini neoni anayekatiza katikati ya tangi itamkosa mara nyingi. Kama moyo wako uko kwa uduvi na majani, inunue. Kama uko kwa samaki, achana nayo.

Ukienda kuchukua kamera ya mtumba, nenda na tochi ndogo. Mulika ndani ya lenzi: nyuzinyuzi kama za buibui ni kuvu, iache hata ukipunguziwa bei. Piga ukuta mweupe kwa f/16 utazame madoa ya vumbi kwenye sensa; machache yanasafishika. Kama ni Nikon, omba picha moja iliyopigwa siku hiyo hiyo, kuna programu zinazosoma humo idadi ya mara shata ilipofunguka. Kwa D3400 iliyopiga 20,000 au 30,000 huna haja ya hofu. Jaribu fokasi kwenye kitu cha karibu, si kwenye mti ulioko nje ya duka.

Na upige kwa faili ghafi za RAW, yaani picha kama sensa ilivyoipokea, kabla kamera haijaipika. Taa za mimea zina rangi za ajabu, na kwenye RAW unarekebisha weupe baadaye bila kuiumiza picha.

Kuhusu macho ya samaki. Samaki kama wako hawana kope, na mboni zao kwa kawaida hazibani wala kupanuka kama zetu. Wao huuzoea mwanga kwa kusogeza chembe za rangi ndani ya retina, kazi inayochukua dakika nyingi. Kwa hiyo kinachowaumiza ni mshtuko wa mwanga mkali unaowakuta gizani, iwe ni flashi au hata taa yao wenyewe ikiwashwa ghafla usiku. Washa taa ya tangi mapema, waache wazoee nusu saa au zaidi, ndipo uanze, na uanze kwa nguvu ndogo. Watashtuka mwako wa kwanza kisha watarudi kwenye shughuli zao. Kama miongoni mwa Corydoras wako kuna albino, punguza zaidi au usitumie flashi upande wake, kwa kuwa macho yake hayana rangi ya kumkinga. Wakianza kujibana kwenye kona au kurukia kifuniko, zima flashi, warudishie pampu yao, ujaribu siku nyingine.